Kiuno Inchi Thelathini na Nane

Alikuja Jumanne, Kundaeli mpagazi akimtangulia,
zipu ya suruali ya mlimani imeng'oka meno
na kesho asubuhi wanatakiwa lango la Marangu.
Mzee, miguu myembamba, mkufu wa kike shingoni.
Nikaandika daftarini: Beri. Zipu. Kiuno inchi 38.
(Zipu haihitaji kiuno. Ni mazoea.)

Akakaa kwenye benchi kungoja,
macho yakapanda ukutani, yakakwama pale:
picha ya mwaka sabini na nne,
mimi na Shafii wa Majengo, mpiga gita,
raizoni za mringaringa alizochongewa na fundi majeneza wa Kiborloni
na koti nililolidarizi kwa karatasi za fedha za pakiti za sigara,
pakiti mia mbili na kumi, tuliziokota nyuma ya baa.

Mzungu akacheka mpaka benchi likalia.
Akasema: hata mimi.

Basi Kundaeli akitafsiri, akiruka alipochoka,
nikayapata maisha yake vipande vipande,
nguo iliyokatwa, haijaunganishwa.

Vijana wanne wa mji wa viwanda, huko kwao Uingereza.
Yeye gita la besi. Mama wa mpiga ngoma
aliwashonea mavazi kwa pazia.
Nikamkatiza: pazia gani?
Akafikiri. Satini ya zambarau, la sebuleni;
baba mtu alirudi kazini akakuta dirisha tupu.
Na vimetameta?
Gundi. Mashavuni, mafuta ya mgando.

Wimbo wao wa tatu ulipanda mpaka namba sita.
Wiki mbili. Alinyoosha vidole viwili, akavitazama.
Wasichana walimvuta mkono wa koti, wakabaki nao
(uzi mmoja tu begani, nikajua, mama yule alikuwa na haraka).
Kisha mwaka ukageuka: vijana wakataka nguo zilizochanika,
zimeshikizwa kwa pini.
Nani amlipe fundi kwa hayo?
Meneja akaondoka na gari.
Mwimbaji akaondoka na meneja.
Wakapiga kwenye meli za wastaafu, kwenye harusi,
kwenye ufunguzi wa duka la magodoro,
na mwaka juzi wakamzika mpiga ngoma na buti zake.
Mama yake bado yu hai. Ndiye aliyezing'arisha.

Kundaeli akanyamaza,
sikujua ni habari iliyokwisha au ni Kiingereza.

Yangu ni fupi.
Shafii alipiga Rau, Himo, Same,
na Arusha mara moja, ukumbi wa nyuma ya gereji.
Vijana wa chama walitungoja mlangoni na chupa ya soda:
ikiteremka ndani ya suruali mpaka chini, pita.
Niliyomshonea ilikuwa pana chini, mdomo wa tarumbeta,
lakini mapajani, mapajani nilijivuna.
Chupa ikakwama.
Wakaipasua kwa wembe, wakiufuata mshono wangu,
kwa adabu kabisa.
Shafii akapiga amejifunga kitambaa cha meza.
Hajapata kupigiwa makofi vile,
na hakupiga tena. Anauza betri za magari Boma Ng'ombe.

Mzungu akauliza: bado unavikuta?
Nini?
Vimetameta. Yeye, miaka arobaini sasa,
hukikuta kimoja zuliani, kimoja sikioni,
kimoja kwenye sahani ya mjukuu.

Nikavuta droo ya bobini,
nikachovya kidole kwenye mafuta yaliyoganda pembeni,
nikakiinua mwangani.
Tukakitazama, watu wazima wawili,
Kundaeli akitazama saa.

Zipu nilimtilia ya shaba, nikairudia mara tatu.
Juu kule, saa tisa za usiku, kwenye kokoto,
vidole havina akili.

Bei ya wageni ni elfu kumi.
Nilimtoza elfu tatu,
naye akadai risiti.